Kidonda cha Nzige Hakitungi Usaha

Miaka ya 1960, katika maabara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa, kupasua nzige ilikuwa kazi ya kila siku. Profesa Pierre Joly na wanafunzi wake walikuwa wakichunguza homoni. Walitoa tezi kwa nzige mmoja, wakaipandikiza kwa mwingine, kisha wakasubiri kuona kama atajivua gamba mapema au atachelewa. Tahadhari za usafi ambazo daktari wa upasuaji asingethubutu kuziacha, wao hawakuzichukua. Hata hivyo nzige walipona. Jeraha lilifunga, mdudu akaendelea kula majani yake, wala hakufa kwa maambukizi. Joly aliliona jambo hilo, na mwanafunzi wake mmoja kutoka Luxembourg, Jules Hoffmann, akalifanya mada ya shahada yake ya uzamivu: mdudu anajikingaje na vijidudu ilhali hana kingamwili hata moja?

Hoffmann alizaliwa mwaka 1941 katika mji mdogo wa Echternach. Baba yake alikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari aliyependa wadudu kupita kiasi, na mtoto akakua akiwakusanya na kujifunza kuwatambua. Baadaye aliongoza maabara ya CNRS, taasisi ya taifa ya utafiti ya Ufaransa, tangu 1978 hadi 2005, akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Strasbourg, akashiriki kuanzisha kampuni ya kutafuta dawa, na mwaka 2011 akapata Tuzo ya Nobel ya Tiba. Maisha ya namna hii kwa kawaida husimuliwa kama safari ya kupanda: mtu anaanza na mdudu, jambo dogo, anahamia kwenye dawa, jambo kubwa, kisha anazeeka akifundisha. Naona masimulizi hayo yameweka uzito pasipostahili. Ukiifuatilia kazi ya Hoffmann hatua kwa hatua, unakuta kampuni ndiyo iliyotoa kidogo kuliko vyote. Kilichozaa ni swali la nzige, lililotunzwa kwa zaidi ya miaka thelathini na watu waliokuwa wakijifunza, bila mtu kuwadai waonyeshe litamfaa nani.

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lilionekana la pembeni, ni lazima kukumbuka namna madaktari wa wakati ule walivyoitazama kinga ya mwili. Binadamu ana kinga za namna mbili. Ya kwanza huzaliwa nayo. Iko macho muda wote na humshambulia mgeni yeyote ndani ya saa chache. Ya pili hujifunza: humtambua adui fulani, ikatengeneza kingamwili zinazomlenga yeye tu, na ikamkumbuka kwa miaka. Chanjo hutegemea kinga hii ya pili, na ndiyo iliyokuwa imewateka wataalamu. Ile ya kwanza ilihesabiwa kuwa ulinzi wa kizamani, usio na akili. Mdudu anayo hiyo ya kwanza peke yake. Kwa hiyo, kumchunguza nzige ili kuielewa kinga kulionekana kama kupoteza muda, na sioni kama waliofikiri hivyo walikuwa wajinga. Kwa ushahidi uliokuwepo, walikuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Hoffmann alianza na damu. Alitafuta tishu inayotengeneza chembe za damu za nzige, akaipiga kwa eksirei, na nzige waliokuwa wakihimili visu wakaanza kufa kwa maambukizi. Hapo ikawa wazi kwamba mdudu ana ulinzi, na kwamba ulinzi huo una mahali unapotoka. Ulivyofanya kazi, hakuna aliyejua. Miaka ya mwanzo ya 1970 alikwenda Marburg, Ujerumani, kujifunza biokemia kwa Peter Karlson, bingwa wa homoni za wadudu, na kwa muda mrefu maabara yake ilishughulika na homoni na kinga kwa pamoja. Msomaji anayesubiri uvumbuzi ataiona miaka hii kuwa mikavu. Ni kweli, ilikuwa mikavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Stockholm, Hans Boman na wenzake walipata jibu la kwanza kutoka kwa nondo mkubwa wa Amerika Kaskazini. Walimdunga bakteria, wakaichuja damu yake, wakakuta protini fupi zinazoua bakteria moja kwa moja kwa kutoboa ngozi yao. Timu ya Strasbourg ikaifuata njia hiyo. Ikawaacha nzige na kuchukua nzi wakubwa ambao damu yao inatosha kufanyiwa kazi, kisha ikahamia kwa nzi wadogo wanaoranda juu ya ndizi mbivu, ambao wanabiolojia wamewachunguza jeni zao kwa zaidi ya miaka mia moja. Ugumu wa kazi ulikuwa katika vipimo. Damu ya nzi mmoja wa matunda haifiki hata sehemu ya milioni moja ya lita, kwa hiyo ilibidi kuwatoboa kwa sindano nzi wengi sana, mmoja mmoja, ili kupata kiasi cha kuchambua. Mwaka 1994 wakatangaza drosomisini, protini ya nzi huyo yenye asidi za amino 44, ambayo kazi yake ni kuua kuvu.

Swali likabadilika sura: nzi anajuaje kwamba ameingiwa na kuvu, ili aanze kutengeneza drosomisini? Dalili zilikuwepo, zimetawanyika. Karibu na jeni za protini hizi palikuwa na vipande vinavyofanana na vile vinavyoamsha kinga katika chembe za wanyama wenye uti wa mgongo. Na palikuwa na kipokezi kiitwacho Toll, kilichojulikana tangu miaka ya 1980 kwa kazi za Christiane Nüsslein-Volhard na Kathryn Anderson huko Ujerumani, ambacho kazi yake ni kukipangia kiinitete cha nzi upande upi uwe mgongo na upi uwe tumbo. Mwaka 1991 watafiti wengine walikuwa wameona kwamba sehemu ya ndani ya Toll inafanana na kipokezi cha kinga cha binadamu. Bruno Lemaitre, mtafiti kijana katika maabara ya Hoffmann, akajaribu kuona kama Toll inahusika na kinga ya nzi. Alichukua nzi ambao jeni yao ya Toll imeharibika, akawachoma kwa sindano iliyochovywa katika mbegu za kuvu aina ya Aspergillus. Nzi wa kawaida walipona. Hawa wengine walikufa ndani ya siku chache. Picha ya mmoja wao, iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni na kuchapishwa mwaka 1996 katika jarida la Cell, inaonyesha maiti ya nzi iliyootwa na nyuzi za ukungu. Nzi wale wale walipoingizwa bakteria wa kundi jingine, walijikinga bila shida. Kumbe kinga iliyodhaniwa haina akili ilikuwa na uwezo wa kutofautisha adui na adui.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1997 Ruslan Medzhitov na Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kwamba binadamu naye ana kipokezi cha aina ya Toll kinachoamsha kinga. Mwaka 1998 Bruce Beutler, aliyekuwa Dallas, alionyesha kwamba panya wasiodhurika na sumu ya ukuta wa bakteria wana kasoro katika kipokezi cha familia hiyo hiyo. Leo tunajua binadamu ana vipokezi kumi vya namna hii. Kimoja kinashika sumu ya bakteria, kingine mkia wa bakteria wanaoogelea, vingine vinashika vinasaba vya virusi. Na vipokezi hivi ndivyo vinavyoiamuru kinga ya pili ianze kujifunza. Ulinzi wa kizamani umegeuka kuwa ndiye msemaji wa kwanza.

Sasa tuje kwenye kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hoffmann alikuwa mmoja wa walioanzisha EntoMed huko Strasbourg. Wazo lilikuwa jepesi kulielewa: wadudu ni kundi la wanyama lenye spishi nyingi kuliko yote duniani, kila spishi ina protini zake za kujikinga, basi humo hamkosi dawa. Wakati huo bakteria sugu walikuwa wameanza kuwatia madaktari hofu, na wagonjwa wa UKIMWI na wa saratani walikuwa wakifa kwa kuvu ambazo dawa zilizokuwepo hazikuziweza. Protini moja iliyotiliwa maanani ilitoka kwa kiwavi anayeshambulia tumbaku na pamba katika mabara ya Amerika. Wataalamu waliibadilisha kidogo kuiongezea nguvu. Haikufika kwenye maduka ya dawa, na katikati ya miaka ya 2000 kampuni ilifungwa.

Mpinzani wa hoja yangu atanikamata hapa hapa. Atasema: kama mdudu ni hazina kubwa hivyo, mbona walipojaribu kuifungua walikuta patupu? Jibu langu ni kwamba wenye kampuni walitafuta kitu kisicho sahihi mahali sahihi. Walichukulia kwamba thamani ya mdudu iko katika silaha zake, zile protini zenyewe. Silaha hizo zimeundwa kufanya kazi ndani ya mdudu. Ukizitia katika damu ya binadamu, vimeng'enya huzikatakata upesi; kuzitengeneza ni ghali kuliko kutengeneza vidonge vya kawaida; na dawa ya maambukizi, inayomezwa kwa siku saba na kuachwa, haimlipi mwekezaji kama dawa ya shinikizo la damu inayomezwa maisha yote. Matatizo haya yamezikwamisha kampuni nyingi za aina hii, wala si aibu ya moja. Kilichokuwa na thamani ni ujuzi wa namna mdudu anavyomtambua adui. Huwezi kuuza ujuzi huo kwenye chupa, na hakuna meneja ambaye angeweka fedha zake mwaka 1964 kuutafuta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoijua historia ya dawa. Krimu ya imikwimodi, inayotibu masundosundo ya sehemu za siri, iliidhinishwa Marekani mwaka 1997, kabla haijajulikana kwamba inafanya kazi kupitia kimoja cha vipokezi hivi. Kiungo kiitwacho MPL, kinachotokana na sumu ya bakteria iliyopunguzwa makali, kilitengenezwa miaka mingi kabla ya makala ya Cell. Kiungo hicho kimo katika chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Kazi yake ni kuichangamsha kinga ili ijifunze vyema. Kwa maneno mengine, wafamasia walifika kwa kupapasa, nzi akaja baadaye kuwaeleza walipofika. Na dawa iliyobuniwa baada ya ugunduzi huo, kwa makusudi ya kukiziba kipokezi cha sumu ya bakteria ili kuwaokoa wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,900 na haikupunguza vifo.

Yote hayo ni kweli, na anayeandika kwamba nzi ametuletea chanjo ya malaria anadanganya. Hata chanjo mpya zaidi ya malaria, R21, haina MPL. Ila hesabu hiyo inaishia njiani. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa na tatizo: kila walipoingiza RNA iliyotengenezwa maabarani katika chembe za kinga, chembe ziliwaka moto kana kwamba zimevamiwa na virusi. Waligundua kwamba vipokezi vya familia ya Toll ndivyo vinavyopiga kelele, na kwamba ukibadilisha kidogo herufi za RNA, vinanyamaza. Ugunduzi huo ndio ulioweka msingi wa chanjo za RNA dhidi ya UVIKO-19 na ukawapa wao wawili Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Bila kuvijua vipokezi hivi, wangebaki na RNA inayochoma, wasijue inamchoma nani. Kupapasa kulitosha kuipata MPL, hapa hakukutosha. Na anayefuatilia njia hiyo kurudi nyuma atapita Dallas na Yale, atafika Strasbourg kwa nzi aliyeota ukungu, na nyuma yake tena atamkuta nzige.

Nimelitaja jina la Lemaitre, na haifai kulipita. Baada ya Nobel kutangazwa, alilalamika hadharani kwamba kazi ya Toll aliifanya kwa kiasi kikubwa peke yake, na kwamba mkuu wa maabara hakuipa uzito mwanzoni. Wanasayansi wengine waliandika barua katika jarida la Nature wakisikitika kwamba Janeway na Medzhitov hawakuhesabiwa. Janeway, aliyetabiri tangu 1989 kwamba vipokezi vya namna hii lazima viwepo, alikuwa amefariki mwaka 2003. Si kazi ya makala haya kuamua nani alistahili medali. Lakini ugomvi huu unasema jambo kuhusu hoja tunayoijadili. Mtu mmoja asingeweza kufika. Palihitajika mtu wa kuchuja damu, mtu wa kusoma asidi za amino, na mtu anayejua kuzalisha nzi wenye jeni iliyoharibika, na wote wawe chini ya paa moja kwa muda mrefu. Aliyeweka paa hilo na kulilinda lisiezuliwe alifanya kazi ya mwalimu, hata kama siku hiyo hakushika chaki. Aliyeshika sindano anaweza kudai ugunduzi ni wake, na akawa na haki. Madai yote mawili yanaweza kusimama pamoja, ila viti vya tuzo ni vichache.

Ndiyo maana nauweka ualimu mbele ya kampuni katika maisha haya. Kampuni ilipofungwa, mradi wake ulisimama nayo. Maabara ilipokosa jibu, mwanafunzi mwingine alilichukua swali. Joly aliona, Hoffmann akauliza, Lemaitre akajaribu, na leo ana maabara yake Lausanne. Elena Levashina, aliyefanya kazi Strasbourg, yeye na wenzake walilihamishia swali kwa mbu aina ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria kwetu. Walionyesha kwamba ndani ya mbu mna protini, TEP1, inayovishika vimelea vya malaria na kuviua. Ukiizima, vimelea huongezeka. Mbu naye ana vita na malaria.

Linabaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Ufaransa ni nchi tajiri, inaweza kumlipa mtu miaka thelathini amtazame nzige. Kenya ilipovamiwa na nzige wa jangwani mwaka 2020, wakulima hawakuhitaji kujua namna nzige anavyopona vidonda, walihitaji afe. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki utafiti wa wadudu umewekwa chini ya kilimo na afya ya jamii kwa sababu hiyo, na mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti hutakiwa kueleza ataokoa magunia mangapi au vitanda vingapi vya hospitali. Ni sharti la haki pale fedha zinapotoka kwa wananchi. Kosa linaanza pale sharti hilo linapokuwa mlango pekee.

Thomas Odhiambo aliliona hilo mapema. Alisoma Makerere, kisha Cambridge chini ya Vincent Wigglesworth, mtu aliyefumbua siri za homoni za wadudu kwa kuwakata vichwa kunguni wa Amerika Kusini. Aliporudi, alifundisha Nairobi, akawa mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu. Msimamo wake ulikuwa kwamba Afrika haiwezi kuishi kwa kuazima majibu, na kwamba huwezi kumdhibiti mdudu usiyemjua anavyoishi. Miongoni mwa wakurugenzi wa utafiti wa mwanzo wa kituo hicho alikuwamo Carl Djerassi, mwanakemia aliyeshiriki kubuni homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango huko Mexico mwaka 1951, akafundisha Stanford, na akaanzisha kampuni iliyotengeneza homoni bandia za kuzuia lava wa mbu wasikomae. Huyo naye alipita milango ile ile mitatu, utafiti, kampuni na ualimu, kwa mpangilio tofauti, na kwake kampuni zilifaulu. Siyo kila kampuni ni EntoMed.

Nusu karne baada ya kuanzishwa, ICIPE ilitoa jibu lake kwa pingamizi kwamba kazi hii ni ya nchi tajiri. Mwaka 2020, watafiti wake pamoja na wenzao wa Glasgow walichapisha walichokipata ndani ya mbu wa Kenya aina ya Anopheles arabiensis: kijidudu cha jamii ya kuvu, walichokiita Microsporidia MB, kinachoishi ndani ya mbu bila kumdhuru sana, kikirithiwa kutoka kwa mama hadi kwa watoto. Mbu aliye nacho hakupatikana na vimelea vya malaria. Huenda kijidudu hicho kinaiamsha kinga ya mbu, au kinavinyima vimelea chakula. Kazi ya kuthibitisha inaendelea, pamoja na ile ya kutafuta namna ya kukisambaza kwa mbu wengi zaidi. Hakikupatikana kwa kujaribu sumu mpya. Kilipatikana kwa kuuliza mbu anaishi na nini tumboni mwake, na waliouliza walikuwa Kenya, wakiwatazama mbu wa Kenya.